Forester iliyochokea Mau Summit

Gari ni Subaru Forester SG5 ya mwaka 2005: injini EJ205 ya lita mbili, turbo ndogo ya TD04, gia nne za otomatiki. Liliingia nchini 2012, kabla halijafikisha miaka minane ambayo sheria ya Kenya inayaruhusu magari ya mtumba, na tangu hapo mwenyewe ni mmoja tu, mama anayeuza dawa za mifugo na mbegu Kisumu. Kila baada ya wiki mbili huja Nakuru kuchukua mzigo, akaurudisha kupitia Salgaa, Sachang'wan, Mau Summit, Kericho na Ahero hadi nyumbani. Siku alipofika gerejini kwetu gari lilikuwa na kilomita 214,000, lilikuwa limeshapita kwa mafundi wawili, na yeye alikuwa ameshika daftari la shule lenye jalada la buluu.

Nalitaja daftari mapema kwa sababu mwishowe lilitufaa kuliko laptopu.

"Fundi," aliniambia kabla sijafungua boneti, "mimi injini siijui. Lakini tarehe nazijua."

Tarehe zake zilikuwa hivi. Mwezi wa tatu alianza kusikia hewa ikivuja, fuuu, kila akikanyaga mafuta. Pembeni ya mstari huo aliandika maneno mawili ambayo mimi niliyapita haraka: "gari jepesi". Wiki iliyofuata fundi wa kwanza aliona mpira mwembamba karibu na turbo umepasuka, akakata kipande cha mpira mpya, akafunga, akalipwa shilingi 300. Mlio ukaisha siku hiyohiyo. Na tangu siku hiyo gari likawa zito. Kisumu mjini, kati ya Kondele na Kibuye, hakuhisi kitu. Lakini akitoka Salgaa na mzigo kuupanda mlima wa Sachang'wan, malori aliyozoea kuyapita ndiyo sasa yaliyompigia honi atoke njiani.

Alirudi kwa fundi yule. Akaambiwa ni hewa. Huko juu hewa ni nyepesi, mama, gari lolote huchoka. "Nikamwambia, Mau haikuletwa mwaka huu."

Fundi wa pili hakubishana naye. Aliuchomoa mpira unaoingia kwenye kopo la westgeti, akauziba kwa bolti ndogo, akamrudishia gari. Kweli likaruka. Lilipanda Sachang'wan kama halijabeba kitu, kisha katikati ya mlima likapiga teke, kama mtu amekanyaga breki ghafla na kuachia, mara tatu mfululizo. Mama akaegesha pembeni, akaandika saa, akageuza gari polepole kurudi Nakuru.

Bolti ile ninayo hadi leo kwenye kopo la misumari.

Kopo, springi na ndoo iliyotoboka

Turbo ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini unaizungusha feni ya kwanza. Ya pili inashindilia hewa iingie kwenye injini. Mhimili huo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na ukiachwa bila kizuizi utaendelea kupandisha presha mpaka kitu kipasuke. Kizuizi chenyewe ni mlango mdogo upande wa moshi, ndio westgeti. Ukifunguka, sehemu ya moshi hupita kando ya feni badala ya kuisukuma. Mlango huo unasukumwa na kijiti kinachotoka kwenye kopo la bati lenye springi na kiwambo cha mpira ndani yake. Presha ya turbo ikifika kwenye kopo kupitia mpira mwembamba, kiwambo kinaishinda springi, mlango unafunguka, presha inaacha kupanda.

Kwenye gari hili springi huachia kwenye baa 0.5 hivi, yaani karibu nusu ya presha ya hewa ya usawa wa bahari. Lakini injini ilipangwa ifanye kazi kwa presha kubwa kuliko hiyo, kwa hiyo kuna ujanja. Mpira unaotoka kwenye turbo unafika kwenye kiungo cha T. Tawi moja linakwenda kwenye kopo, jingine linakwenda kwenye solenoidi, valvu ya umeme inayoongozwa na kompyuta ya injini. Kompyuta ikitaka presha zaidi huifungua solenoidi, na hewa iliyokuwa iende kulisukuma kopo inavujishwa, inarudi upande wa kufyonza. Kopo linadanganyika kwamba presha bado ni ndogo, na mlango unabaki umefungwa kwa muda zaidi.

Fikiria ndoo iliyotobolewa tundu chini, juu yake kuna bomba linalomimina maji. Kina cha maji ndani ya ndoo ndicho kinacholisukuma kopo, tundu ndilo solenoidi. Ukilizibua na kuliziba unakiongoza kina. Hiyo ni kama bomba la juu linamimina kidogo. Likimimina kama bomba la zimamoto, zibua tundu utakavyo, ndoo itabaki imejaa. Nawaomba mkae na picha hii ya ndoo kidogo, maana mimi mwenyewe nilikuwa naifahamu na bado nilipoteza siku nzima.

Ile bolti basi ilifanya nini? Ililiacha kopo gizani. Westgeti haikufunguka kabisa, presha ikapanda mpaka kompyuta ikaona imevuka kikomo chake ikakata petroli. Lile teke aliloliogopa mama ndilo lililomwokolea injini. Turbo ikishindilia hewa kupita kiasi, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake, pistoni zinagongwa kama kwa nyundo, na EJ20 yenye turbo haina subira na hilo. Nimeshafungua injini za aina hii ambazo pete za pistoni zilivunjika pamoja na kingo zinazozishika.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta ugonjwa nilitafuta madhara. Nilitoa bolti, nikarudisha mpira, kisha nikatoa plagi zote nne. Kwenye Forester hiyo ni kazi ya kuchubua vidole, injini imelala na plagi zinaelekea kwenye kuta za boneti. Plagi zilikuwa na rangi ya kahawia nyepesi, hazina vitone vya kung'aa vya alumini ambavyo huonyesha pistoni imeanza kuliwa. Nikapima kompresheni: silinda zote zilikaa kati ya presha 118 na 122 za PSI. Kijana wangu wa mafunzo akashtuka, kwa sababu jedwali alilokuwa nalo kwenye simu lilianzia juu ya 140. Nikamwambia jedwali hilo liliandikwa kwa mtu aliye usawa wa bahari. Silinda inabana hewa inayoikuta, na hewa ya Nakuru ina presha ya karibu asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Asilimia 80 ya 145 ni 116. Nilichojali ni kwamba zote nne zinafanana.

Hewa ya juu, na fundi wa kwanza

Hapa nimtetee fundi wa kwanza kidogo. Alichosema si uongo, ila hakikuwa jibu.

Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina presha ya baa 0.81 hivi. Kisumu, kandokando ya ziwa kwenye mita 1,130, ni 0.88. Mau Summit iko karibu mita 2,500, na pale ni kama 0.75. Gari lisilo na turbo likitoka Kisumu hadi Mau Summit linapoteza hewa kiasi cha sehemu moja kwa saba, na dereva anahisi. Gari lenye turbo nzima halihisi sana kama hilo, kwa sababu feni inaweza kuongeza kasi kufidia.

Lakini turbo iliyoachiwa springi peke yake ni hadithi nyingine. Upande wa pili wa kile kiwambo cha kopo ni hewa ya nje. Springi inahesabu juu ya hewa ya mahali ilipo: baa 0.45 Kisumu, baa 0.45 Mau. Jumla yake ni 1.33 kule chini na 1.20 kule juu. Kompyuta ya injini inapima presha kamili kwa sensa yake, ina namna ya kujua gari limepanda. Springi haijui mlima. Kwa hiyo gari linalotegemea springi litachoka Mau zaidi ya lile linaloongozwa na kompyuta, na mwenyewe atakuwa na haki ya kulaumu mlima na fundi atakuwa na haki ya kumwitikia. Wote wawili watakuwa wamekosea kwa pamoja.

Hilo nililielewa baadaye. Siku ile nilikuwa najua tu kwamba mama ameendesha gari lilelile barabara ileile tangu 2012.

Kupima

Nilifunga geji ya kawaida ya sindano, ya mpira na kiungo cha T, kwenye bomba dogo linalotoka manifoldi ya hewa. Injini ikiwa inanguruma bila kukanyagwa, sindano ilisimama kwenye inchi 14 za ombwe. Kijana akashtuka tena. Vitabu vinasema 18 hadi 20, na chini ya hapo utafute mahali panapovuja. Hapana, hesabu ni ileile: ombwe linapimwa kutoka kwenye hewa ya nje, na hewa yetu yenyewe imeshapungua baa 0.2, ambayo ni karibu inchi 6. Nimewaona mafundi wa Nakuru na Eldoret wakibadilisha gasketi nzima za manifoldi kwa kuamini namba ya kitabu.

Pa kupimia, mimi hupenda barabara ya kupanda Kreta ya Menengai. Unahitaji mlima, si mwendo. Turbo haionyeshi presha yake mpaka injini ibebeshwe kazi, na kwenye barabara kuu kazi hiyo inakuja pamoja na kilomita 120 kwa saa na trela mbele yako. Kule Menengai unaweka gia ya pili, unakanyaga mafuta hadi chini, na unaipata namba ukiwa bado kwenye mwendo wa matatu ya mtaani. Kijana alikaa pembeni akirekodi geji kwa simu.

Baa 0.45. Tukarudia mara tatu, 0.45, 0.45, 0.46.

Namba hiyo nusu ya kazi ilikuwa imeshaifanya. Turbo iliyokufa, yenye feni iliyolika au mhimili uliokwama, haifiki hapo kwa utulivu hivyo, na westgeti iliyokwama wazi ingetupa kitu chini kabisa. Turbo hii ilikuwa inapanda vizuri, ikifika kwenye springi inasimama. Ilikuwa inatii.

Hata hivyo hewa inaweza kuwa inavuja kwenye mabomba makubwa kati ya turbo na injini, na ikivuja hapo unaweza kupata namba yoyote. Kifaa chetu cha kupimia ni kipande cha bomba la plastiki la maji machafu, limezibwa upande mmoja kwa kifuniko, na kwenye kifuniko tumetia valvu ya tairi la tyubulesi. Kinafungwa kwa klipu kwenye mpira wa kuingilia turbo, baada ya sensa ya hewa. Kompresa inatoka kwa jirani wa pancha. Tunatia baa 0.7, hatuvuki hapo, kwa sababu juu ya hapo unaanza kusukuma sili za injini ambazo hazijakukosea. Kisha maji ya sabuni kwa brashi kila mahali pa kuungana. Mpira kati ya intakula, kile kipoza hewa ya turbo, na mlango wa hewa wa injini ulitoa povu dogo. Tukakaza klipu, povu likakoma, tukarudi Menengai.

Baa 0.47.

Sasa jaribio ambalo naliona ni la lazima kuliko yote na ambalo halina gharama. Nilichomoa plagi ya umeme ya solenoidi. Bila umeme solenoidi hii hufunga, haivujishi kitu, presha yote inakwenda kwenye kopo. Kwa hiyo gari lenye mfumo mzima likichomolewa plagi hiyo linapaswa kushuka hadi presha ya springi, na ukirudisha lipande tena. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo kazi ya kompyuta. Tulipanda na plagi imechomolewa: 0.45. Tukarudisha: 0.47. Kompyuta ilikuwa inachangia baa 0.02 katika maisha ya gari hili.

Na hapo ndipo nilipokosea. Nilisema, kama chifu anayetoa hukumu kabla ya mashahidi, "solenoidi imekufa." Nikatuma kijana kwa wauza spea za mtumba, akarudi na nyingine ya shilingi 3,500. Tukafunga. Baa 0.47. Nilipoipima ile ya kwanza, jambo ambalo lilipaswa kutangulia, ilikuwa na oomu 31, ikiguswa na volti 12 inalia tik, na ukipuliza kwa mdomo hewa inapita. Haikuwa na kosa lolote. Hiyo pesa sikumdai mama. Solenoidi ya pili iko rafuni ikimsubiri mteja mwingine.

Kesho yake nikaunganisha laptopu. Vile vifaa vidogo vya bluetooth vinavyouzwa kila duka la simu havikusaidia, kwa sababu Subaru nyingi za soko la Japani za miaka hiyo hazizungumzi lugha ya kawaida ya vifaa hivyo. Zinataka kebo na programu inayoijua lugha ya Subaru. Taa ya injini haikuwa imewaka, na hakukuwa na kosa lililohifadhiwa. Lakini tulipopanda mlima na kurekodi, ilionekana kompyuta inaamuru solenoidi ifunguke asilimia 95 ya muda. Ilikuwa inapiga kelele kwa nguvu zake zote kuomba presha, umeme unafika, solenoidi inafunguka, hewa inavuja. Na kopo bado limejaa.

Tundu liko wazi, ndoo haipungui.

Neno pembeni ya mstari

Niliketi kwenye tairi nikaomba daftari. Nikarudi kwenye mwezi wa tatu. "Mlio wa hewa. Gari jepesi."

Mtu akisikia turbo inavuja hewa hutarajia gari zito. Bomba kubwa likipasuka, hewa iliyoshindiliwa haifiki kwenye injini, nguvu zinapungua. Mama yeye aliandika kinyume: linavuja, na linakimbia zaidi. Kuna mpira mmoja tu karibu na turbo ambao ukipasuka gari linaongeza nguvu, nao ni ule mwembamba unaopeleka habari kwenye kopo. Ukivuja, kopo linaambiwa presha ni ndogo kuliko ilivyo. Basi mpira uliokatwa na fundi wa kwanza ulikuwa huo. Na mpira huo kiwandani haukuwa mpira mtupu.

Ndani ya mpira wa Subaru unaotoka kwenye turbo, kabla ya kufika kwenye T, kuna kijishaba kidogo cha manjano chenye tundu la kama milimita moja. Kimesukumwa ndani, hakionekani kwa nje, ukiubonyeza mpira kwa vidole utakihisi kama punje ya mahindi kwenye utumbo wa kuku. Kazi yake ni kulibana lile bomba linalomimina kwenye ndoo. Kikiwapo, solenoidi ikifunguka inaweza kuishusha presha ya kopo. Kisipokuwapo, hewa inaingia haraka kuliko inavyotoka, na kompyuta inaomba bure.

Nikabonyeza mpira mpya wa shilingi 300 kutoka mwanzo hadi mwisho. Laini wote. Fundi alitupa wa zamani pamoja na kijishaba chake, na sidhani alijua. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza ningekitupa.

Ule wa zamani ulikuwa umeshalala jalalani Kisumu kwa miezi. Ungeweza kupata mpira mzima kwenye magari yaliyogongwa, kama una siku mbili za kuzunguka. Sisi tulivuka barabara kwenda duka la spea za boda boda. Jeti ya kabureta ya pikipiki ni kitu kilekile: kipande cha shaba chenye tundu lililopimwa, kinauzwa shilingi 100, na kina ukubwa tofauti tofauti. Namba iliyochongwa juu si ya kuaminiwa moja kwa moja. Kwa watengenezaji wengine ni kipenyo kwa sehemu za mia za milimita, kwa wengine ni kiasi cha mafuta yanayopita. Tuliyapima matundu kwa vijiti vya drili.

Kuna kanuni moja ya usalama hapa: anza na tundu kubwa. Tundu kubwa linapeleka hewa nyingi kwenye kopo, westgeti inafunguka mapema, presha inakuwa ndogo. Ukikosea upande huo umepoteza safari moja ya Menengai. Ukianza na tundu dogo mno, unarudi kwenye hadithi ya bolti. Na jeti inakaa kati ya turbo na T, si kati ya T na kopo. Imebanwa ndani ya mpira, klipu ndogo juu yake isije ikatembea.

Milimita 1.3 ilitupa baa 0.6. Milimita 1.15 ikatupa 0.71. Tukatia 1.05: sindano ikapanda, ikagusa 0.82, ikatulia 0.8. Kijana akataka tuendelee, na nilimruhusu mara moja, ili aone. Kwa 0.95 sindano iliruka hadi baa moja kamili kabla ya kurudi. Njia ikiwa nyembamba, habari inachelewa kufika kwenye kopo, na ndani ya kuchelewa huko presha inapita mpaka. Tukaitoa.

Geji peke yake isingetosha kuniambia 1.05 ndiyo yenyewe. Kilichoniambia ni laptopu. Kwa tundu hilo kompyuta ilikuwa inaifungua solenoidi kati ya asilimia 55 na 60 ya muda. Ina nafasi ya kuongeza gari likifika Mau, ina nafasi ya kupunguza siku ya baridi kule Timboroa. Mfumo ulioko asilimia 95 umeishiwa; ulioko asilimia 15 unaongozwa na bahati. Vijana huniuliza kwa nini sikuipeleka 0.9 au zaidi, maana turbo inaweza. Inaweza, ila Nakuru si Tokyo. Kushindilia baa 0.8 kwenye usawa wa bahari ni kuizidisha hewa mara 1.8. Kushindilia 0.8 hiyohiyo hapa ni karibu mara mbili, na Mau Summit inapita mara mbili. Feni inazunguka kasi zaidi na hewa inatoka ya moto zaidi kwa namba ileile ya geji. Halafu injini hii ilipangwa kwa petroli ya primiamu ya Japani, ambayo kiwango chao kinadai oktani, yaani uwezo wa petroli kustahimili kubanwa bila kulipuka mapema, isiyopungua 96. Mama nilimwambia, ukipakia mzigo wa kupanda, tia ile ya bei ya juu. Ukizunguka Kisumu mtupu, hiari yako.

Kulikuwa na vitu vingine ambavyo sikuvigusa. Mhimili wa turbo una mchezo kidogo ukiutikisa kwa vidole, wa kawaida kwa kilomita zile, na mpira wa kurudisha oili una unyevu. Nilimwandikia kwenye daftari lake: oili kila kilomita 5,000, na siku utakayoona moshi wa buluu asubuhi, njoo.

Bili ilikuwa ya kazi, klipu mbili na jeti moja. Aliisoma mara mbili, akauliza jeti ni nini. Nikamwonyesha nyingine inayofanana nayo kiganjani. Akaigeuza, akaichungulia juani kupitia kitundu chake, akasema, "Haya. Na mimi nimekwama Sachang'wan kwa ajili ya hii." Kisha akatoa rangi ya kucha nyekundu kwenye mkoba, akapaka alama mbili kwenye mpira mahali jeti ilipolala, akaandika kwenye daftari: "Mpira wenye rangi usikatwe bila kuniuliza."

Aliomba geji ibaki ndani ya gari. Tuliifunga karibu na nguzo ya dirisha, na sasa kila safari ananitumia picha, ambayo namwomba aipige akiwa ameegesha na yeye anaapa hupigwa na mpwa wake. Ya mwisho ilikuwa na maandishi chini yake: Ahero 0.80, Mau 0.78, fundi hiyo 0.02 imekwenda wapi?

Nilimjibu kwamba sindano yenyewe ni nene kuliko hiyo.